Waya Usioomba Ruhusa kwa Ufunguo

Zerrouk, fundi umeme wa malori pale Ain Salah, mji wa jangwani, alikuwa na vidole tisa na maoni juu ya kila waya aliowahi kuushika. Kidole cha kumi kilichukuliwa na feni ya injini. Maoni hayakuchukuliwa na kitu. Hakuwahi kumwita mtu bosi, jambo ambalo matajiri watatu aliowafanyia kazi kabla ya Haji Belkheir walilihesabu kuwa ugonjwa.

Mwaka ule Haji alinunua redio za upepo kumi na mbili, za kuongea na kusikilizana njiani: kumi na moja za malori yake ya kwenda Tamanrasset, moja ya pikapu yake mwenyewe. Agizo lake lilikuwa fupi. Umeme wa redio upitie kwenye ufunguo wa gari. Ufunguo ukichomolewa, redio inyamaze.

"Madereva hawa wakisimama wanapiga soga kama wako msibani," alisema. "Watanimalizia betri."

Zerrouk alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafanya alivyotaka. Kwenye kila lori alivuta nyaya mbili kutoka kwenye betri zenyewe, akaweka fyuzi karibu na betri, akaupitisha umeme kwenye kipunguzi, maana lori lina volti ishirini na nne na redio inataka kumi na mbili. Ufunguo hakuugusa.

Sababu sisi madereva tuliijua sote. Alipokuwa bado dereva, nyaya za nyuma ya ufunguo ziliungua akiwa na shehena ya saruji kusini ya Arak. Betri zimejaa, redio nzima, na sauti hakuna, kwa kuwa mtu fulani aliona vyema redio iombe ruhusa kwa ufunguo. Zerrouk wakati huo hakujua kuunga hata taa. Yeye na mwenzake, mzee Bouamama, walimaliza kiriba cha maji, wakahamia maji ya rejeta. Siku ya nne lori la tende lilipita, likamkuta mmoja hai. Udereva akaacha, akajifunza nyaya.

Siku moja kabla ya msafara, baada ya alasiri, Haji alikuja kukagua. Akachomoa ufunguo wa lori la kwanza. Redio ikaendelea kukoroma. La pili vilevile. La tatu hakulimaliza.

"Zerrouk, mimi nilisemaje?"

"Ulisema kwenye ufunguo."

"Ukasahau?"

"Sikusahau. Nilikataa."

"Zikate."

Zerrouk akalifuta koleo kwa ncha ya kilemba, akamkabidhi. "Kata wewe, Haji. Anza na waya mweusi, usije ukajichoma."

Haji akampa koleo Guendouz, dereva wa lori la kwanza. Guendouz akaligeuzageuza kama mtu aliyeletewa barua asiyoweza kuisoma. "Mimi na umeme, Haji, hatujafahamiana." Akampa wa pili. Wa pili macho yalikuwa yakimsumbua tangu Ramadhani. Koleo likazunguka kwa adabu, mkono kwa mkono, mpaka likatua kwenye sinia la chai, kati ya glasi.

"Zerrouk, huna kazi hapa."

"Haya." Akajimiminia glasi ya pili. Kufukuzwa ni jambo moja, na kuondoka kabla ya glasi ya tatu, ambayo kwetu ndiyo hukamilisha chai, ni jambo lingine.

Haji akaenda kwenye pikapu yake. Kesho yeye ndiye angetangulia mbele ya msafara. Akawasha redio, akaita, Guendouz akamjibu. Akachomoa ufunguo. Redio ikafa. Alikaa mle ndani muda mrefu kuliko unaohitajika kushuka.

"Yangu inazimika," alisema aliporudi.

"Hiyo nimeiunga kama ulivyoagiza."

Guendouz alipata haja ya kukagua tairi.

"Ibadilishe."

"Mimi nimefukuzwa, Haji."

"Umerudi."

"Na zile kumi na moja?"

"Nimesema yangu. Zile sijazitaja."

"Ulizitaja. Ulisema zikatwe."

Haji akalitazama koleo kwenye sinia, akatutazama sisi, tukamtazama. "Basi zisikatwe," akasema kwa sauti ya mtu anayetoa amri.

Zerrouk akanywa glasi ya tatu mpaka kwenye majani, kisha akachukua koleo. Pikapu ni ya volti kumi na mbili, haihitaji kipunguzi. Ni kazi ya robo saa. Aliifanya kwa saa nzima, Haji akimshikia tochi.