Risala ya Bomba la Igogo

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri, maana hili nilichelewa kulielewa mimi mwenyewe niliyekuwa nalifundisha.

Miaka ya tisini, vyama vingi vikiwa bado vipya, nilifundisha uraia darasa la watu wazima pale Igogo, kando ya ziwa, kila alasiri baada ya kazi. Wanafunzi wangu walipenda habari za Uingereza, kwa kuwa bunge letu limeiga mengi kule. Niliwaeleza kwamba waziri wa kule husimama mbele ya wabunge akaulizwa. Ila sikuwaficha kwamba Waingereza nao walikuwa wakililia mabadiliko. Baraza moja la bunge lao lilikuwa limejaa watu wasiopigiwa kura, wengine wamerithi viti kwa baba zao. Tena kazi za wizara zilikuwa zikihamishiwa kwenye wakala na bodi, hata ukimuuliza waziri, anakwambia kaulize bodi.

Mwanafunzi mmoja, jirani yangu, mama aliyekuwa akiuza chakula kwenye kibanda karibu na mwalo wa samaki, akacheka. "Kumbe diwani wetu kasomea huko."

Alikuwa na sababu. Bomba la mtaa wetu lilikuwa limefungwa kwa wiki kadhaa. Diwani alimwambia maji sasa yako chini ya bodi. Bodi wakamwambia uamuzi ulitoka halmashauri. Akawa anachota ziwani, kwenye magugumaji, na bwana afya alishamwonya: akimkuta tena anapikia maji yale, anafunga kibanda. Kibanda hicho ndicho kilichokuwa kikilisha nyumba yake nzima.

Ndipo tukasikia diwani anakuja mtaani. Darasa likafurahi: sasa tutamuuliza kama wanavyoulizwa mawaziri. "Mwalimu, tuandikie," wakasema.

Nikaandika. Na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu kwetu mkubwa akija haulizwi, anasomewa risala. Mkono wangu ukafuata mazoea. Nikaanza na shukrani kwa mgeni rasmi kuacha shughuli zake nyingi, nikaendelea na mafanikio ya mtaa. Bomba lilitokea ukurasa wa nne, baada ya madawati ya shule, likiishia na maneno "tunaomba utusaidie."

Mama akaisoma yote. "Mwalimu, mbona swali langu umelivalisha suti?"

"Ni adabu tu, mama. Atalijibu."

Siku ilipofika, risala ilisomwa, na diwani akaipokea kwa mikono miwili. "Risala nzuri sana," alisema. "Mwalimu ana mwandiko. Nimeyapokea yote, nitayafikisha panapohusika." Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, jambo linaloniudhi hadi leo.

Mama akasimama. "Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mama."

"Hapo panapohusika ni wapi?"

Diwani akamtazama mshereheshaji. Mshereheshaji akasema kwa upole, "Mama, maswali yenu yamo kwenye risala, na risala imeshapokelewa. Kaa, tule." Akakaa. Kwa utaratibu wetu hakuonewa. Mimi ndiye niliyemnyang'anya swali lake nikaligeuza zawadi.

Wiki iliyofuata bwana afya alifunga kibanda. Mama hakuacha darasa. Alikaa mahali pake palepale, akafungua daftari, akasema, "Endelea, mwalimu. Tulifika kwenye bodi za Waingereza." Nikaiweka chaki chini. Ningeweza kueleza hadi jua lizame namna serikali inavyowajibishwa, na siku serikali ilipokuja mbele yetu nikaiandikia sifa.

Usikate tamaa kwa kosa langu. Kiongozi akija mtaani kwako, kataa kuandika risala. Chagua tatizo moja, aliulize mtu yule linayemuumiza mwenyewe: nani kafunga, nani anaweza kufungua, na lini? Abaki amesimama mpaka itajwe ofisi moja na siku moja, kisha jibu hilo liandikwe palepale, mbele ya watu wote.