Fundi Misak na Uso wa Bintiye

Fundi Misak hakuwahi kuipenda sura ya mtu hata mmoja aliyemlipa. Uzeeni alikuwa akilisema hilo waziwazi, ameketi mbele ya studio yake ya picha huko Nor Kyugh, mtaa wa Waarmenia wa Halab, Syria, akiwatazama wapita njia kama mchinjaji anavyomtazama mbuzi aliyekonda. Wengi aliwajua. Wengi aliwahi kuwapunguza kidevu, akawanyoosha pua, akawafuta makunyanzi.

"Unamwona yule?" alikuwa akimwambia jirani yake muuza nyama za kukausha. "Kwenye picha ana shingo. Shingo ile nilimpa mimi."

Alianzia barabarani. Enzi hizo hakuwa na kitu ila sanduku la mbao lenye lenzi mbele na kitambaa cheusi nyuma, alilolisimamisha mbele ya ofisi za serikali, chini ya ngome, ambako wanavijiji walikuja kupigwa picha za vitambulisho. Karani mmoja mwenye kujifaragua aliwatia maneno kwamba asiye na tai hati yake haipiti. Misak akajua upuuzi huo ni riziki. Akanunua tai moja nyekundu na koti moja la kijivu, vikawa vinahama kutoka mwili hadi mwili kutwa nzima, bado vina joto la mtu aliyetangulia. Kama polisi wangezipanga zile hati pamoja, wangedhani mtu mmoja anazurura Syria nzima akibadilisha masharubu tu.

Lakini wanavijiji aliwasamehe, kwani waliambiwa na serikali. Waliomchosha ni wenye nacho, waliokuja baada ya yeye kufungua studio. Tajiri mmoja wa sabuni alikaa mbele ya kamera, mkono mmoja juu ya simu ya pambo isiyounganishwa popote, mwingine juu ya kitabu alichokishika kichwa chini.

"Fundi, nitoe kama mtu anayefikiri," alisema.

"Unafikiri nini, bwana?"

"Chochote. Si wewe ndiye fundi?"

Wakaja wake wa maofisa. Mmoja alitaka pua kama ya dada yake. Baada ya siku chache dada mtu akaja, naye akataka pua ndogo kuliko ile. Maharusi walitoka kanisani moja kwa moja hadi studio, jasho likiwatiririka, na kila bibi harusi alitaka afanane na mcheza sinema fulani aliyekuwa akitamba mwaka huo. Misak aliwavisha wote kilemba cha ukoka, "Mashallah, mwanangu, hata sihitaji kugusa kitu," kisha akaingia ndani na kugusa kila kitu.

Kazi hiyo aliifanya kwa penseli iliyochongwa ikawa kama sindano. Kwenye negativu, yaani filamu iliyotoka kwenye kamera, mambo yamegeuka, cheusi ni cheupe na cheupe ni cheusi, kwa hiyo doa la usoni hukaa pale kama kidirisha cha mwanga. Misak alikijaza kidirisha hicho polepole, nukta kwa nukta, akibeua midomo. Picha ikisafishwa, doa halipo. Mteja anajiangalia, anavimba kichwa, anaamini ndivyo alivyo. Misak alikuwa akifyonya mlango ukifungwa tu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumfyonya, naye ni bintiye, Araksi. Mama yake alikufa mapema, wakabaki wawili. Araksi alizaliwa na baka usoni, kubwa, rangi ya divai, lililoanzia chini ya jicho la kulia likashuka hadi kwenye taya. Mwenyewe hakuwa na aibu nalo. Aibu walikuwa nayo wanawake wa kanisani, kwa niaba yake. "Maskini," walisema, "lakini ana mikono mizuri jamani!" Kisha wakaenda kuwatafutia wachumba mabinti zao wenye mikono mibaya. Araksi alizoea kuvuta ushungi mbele kidogo akipita kwenye baraza lao, si kwa sababu ya baka, bali kwa sababu ya huruma yao, ambayo ilimkinaisha.

Mikono ilikuwa mizuri kweli. Yeye ndiye aliyezipaka rangi picha za babake, kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, nyakati ambazo filamu ya rangi ilikuwa ghali kupita kiasi. Na alikuwa na ukorofi wake: hakupaka asichokijua. Mteja asipomwambia rangi ya macho, macho yalibaki kijivu.

Ndivyo alivyomjua Zaven. Kijana huyo alikuwa yatima aliyelelewa na shangazi yake huko Beirut, akaenda Amerika, akawa fundi wa magari mjini Fresno. Alituma kwa posta picha kuukuu ya marehemu mama yake, ikuzwe na kupakwa rangi. Araksi akamwandikia: macho ya mama yako yalikuwa rangi gani? Zaven akajibu kwamba alikuwa mdogo sana, hakumbuki, basi binti achague rangi yoyote ya kupendeza. Araksi akajibu kuwa hachagui, mama si pazia. Zaven ikambidi amwulize shangazi, na shangazi naye hakuwa mwepesi wa kuandika, na kwa miezi kadhaa barua zikawa zinapishana kati ya Halab na Fresno kwa ajili ya macho ya marehemu. Macho yalipopatikana, ya asali, barua hazikukoma.

Mwishowe Zaven akaomba kile ambacho vijana wote wa Amerika walikiomba kwa mabinti wa kwao: picha.

"Nipige, baba," Araksi alisema asubuhi hiyo, ameshakaa kwenye kiti. "Shavu hili, upande wa dirisha. Na penseli yako iache mezani."

"Mwanangu, hebu geuka kidogo tu huku..."

"Baba."

Akampiga alivyotaka, mara mbili kama ilivyokuwa kawaida yake. Araksi mwenyewe akaipaka rangi, baka na kila kitu, kwa uangalifu ambao hakumpa hata askofu. Akaitia kwenye bahasha, akampa babake apeleke posta pamoja na mizigo ya studio.

Misak hakuipeleka. Aliwajua wanaume. Maisha yake yote aliwaona wakichagua wake kutoka kwenye picha alizozitengeneza yeye, wakinyoosha kidole kama wanaonunua tikiti maji. Huyu wa Fresno angetazama mara moja, barua zingekatika, na Araksi angerudi kuvuta ushungi wake. Basi akajifungia chumba cha giza, akachukua negativu ya pili, akaliziba lile baka nukta kwa nukta. Alijiambia kijana akishafika akamsikia akizungumza, mambo yatajipa. Mtu aliyewadharau wote waliotaka nyuso za uongo alikaa pale akitengeneza uongo mzuri kuliko wote. Rangi akaipaka mwenyewe, vibaya.

Jibu lilipokuja, Araksi alilisoma kwa sauti mezani, nalo halikuwa refu. Zaven aliandika kuwa picha ameitundika juu ya meza yake ya kazi, anaitazama kutwa na hachoki. Anakuja wakati wa Pasaka pamoja na shangazi yake kuleta posa.

Araksi akaikunja barua, akaifunua tena. Kuanzia siku hiyo ushungi wake ulilala mabegani. Alipita mbele ya baraza la wale wanawake kichwa juu, akawasalimu kwa majina. Kwa mara ya kwanza kuna mtu mgeni aliyeuona uso wake wote na kusema ndiyo, au ndivyo alivyodhani. Misak alimsikia akiimba ndani ya chumba cha giza. Kila jioni alisema kesho atamwambia. Mwoga ni mwoga tu hata akiwa na ulimi mkali.

Pasaka ikafika, na wageni nao. Zaven alikuwa mfupi, mpole, kucha bado zina weusi wa oili. Shangazi yake, Bi Mannig, alikuwa mwanamke wa Beirut, mikufu mitatu shingoni, anayekagua mapazia ya watu kabla ya kuketi. Misak akawakaribisha, akacheka kuliko ilivyohitajika. Desturi ni moja na inajulikana: wageni hukaa, huzungumzia hali ya hewa, kisha binti huingia na sinia la kahawa, na hapo ndipo hutazamwa.

Araksi akaingia. Alimwendea Bi Mannig kwanza, kama inavyotakiwa. Mama yule akachukua kikombe, akamtazama, akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mtumishi.

"Ahsante, binti. Na Araksi bado anajipamba?"

Araksi alimgeukia babake, mara moja tu, na alichokiona usoni mwake kilimtosha.

"Araksi ndiye mimi," alisema. "Bwana Zaven, hiyo picha unayo?"

Kijana akaitoa mfukoni mwa koti. Araksi akaweka sinia chini, akaishika picha karibu na dirisha, akaikagua kama anavyokagua kazi ya mtu mwingine.

"Midomo umeikoleza mno, baba," alisema.

"Ehe!" Bi Mannig akapata sauti. "Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia! Zaven, simama twende. Safari yote hiyo kutoka Amerika, mwanangu, kuja kuchezewa shere!"

"Shangazi, nyamaza." Zaven alikuwa ameshasimama, mwekundu hadi masikioni. "Mimi sijali."

"Hujali nini?" Araksi akamwuliza.

"Hilo... hilo la shavuni."

"Umeliona sasa hivi tu, utajuaje kama hujali? Kaa ulitazame. Kahawa yako inapoa."

Akakaa. Akamtazama kweli, huku Bi Mannig akihema na mikufu yake, na Araksi hakumpunguzia hata kidogo, alisimama upande ule ule wa mwanga. Zaven akanywa kahawa yake yote, akaweka kikombe.

"Ulinisubirisha miezi kwa ajili ya macho ya mama yangu," alisema. "Hukutaka kuyabuni. Mtu wa namna hiyo hakuituma picha hii."

"Hakuituma."

"Basi tujadili arusi."

Misak akaona mambo yamejipa kama alivyojiambia. Akakimbilia kumshika bintiye mikono, machozi yanamlenga.

"Mwanangu, si unaona? Nilifanya kwa kukupenda. Asingekuja!"

"Angekuja," alisema Zaven kutoka kwenye kiti chake, bila kupaza sauti. Hakuna aliyeweza kujua, lakini neno lilishatoka.

Araksi akaitoa mikono yake taratibu.

"Kila siku unawacheka watu, baba. Unasema hawawezi kuzivumilia nyuso zao. Mimi wangu niliuvumilia. Wewe ndiye ulishindwa."

Alisema hivyo mbele ya wageni, na Misak akainama kukusanya vikombe vya kahawa.

Wakaoana baada ya Pasaka. Picha za arusi zilipigwa na mtu mwingine, kijana asiyejua hata kupanga watu, na Misak alikaa kiti cha mbele akiona mwanga unavyoharibiwa na hakuthubutu kusema. Kisha wakaondoka.

Araksi hakuwa mtu wa kununa. Alituma salamu, alituma dawa za moyo, alituma makoti. Alizaa wa kwanza, akazaa wa pili, wakakua. Kitu kimoja tu hakutuma. Misak alimwomba picha kwa barua, binti akajitia hamnazo, naye akaomba tena. Majirani walimletea picha za wajukuu zao wa Marseille na Montreal, watoto wenye mapengo na keki mdomoni, wakamwonyesha kwa kujisifu, naye akasema mwanga ni mbaya.

Siku moja Araksi alipiga simu kumtakia heri ya sikukuu ya mtakatifu wa jina lake. Misak alikuwa ameshazeeka, ameshafunga studio, hakuwa na nyodo tena za kupoteza.

"Mwanangu, nitumie hata moja tu. Ndogo, ya kitambulisho. Niwaone kabla sijafa."

Upande wa pili kukawa na kelele za watoto, na Araksi akawanyamazisha. Aliporudi hakuwa na hasira hata kidogo. Sauti ilikuwa ya mtu anayemweleza mteja kwa nini jambo haliwezekani.

"Ya nini, baba?" alisema. "Wewe tuchore tu unavyotaka tuwe."

Kisha akamwuliza kama dawa za moyo zimefika. Misak akasema zimefika.