Mganga Anayeuliza

Mguu wangu haukai. Tangu tuingie kwa yule mganga wa Kichina, ghorofa ya pili juu ya maduka ya jumla ya Deira, hapa Dubai, nilikuwa nautikisa mpaka mume wangu akaniwekea mkono gotini. "Tulia basi," alisema. Nitulie vipi? Mama yake alishatuma ujumbe wa sauti kutoka Tanga: msichana amepatikana, wa ukoo, mwenye afya, mwanawe asubiri likizo tu aje aongeze mke wa pili. Ndoa ilikuwa inazeeka na mtoto hakuna, na aliyekuwa akipelekwa kwa kila daktari ni mimi. Huyu ndiye wa mwisho, mume wangu aliniambia kwa mdomo wake.

Mganga alikuwa mama wa makamo, koti jeupe, Kiingereza cha kuokoteza kama changu cha hotelini. Alinisogeza dirishani kwenye mwanga, akaniambia nitoe ulimi. Akautazama rangi yake, utando, kingo zake, akaniambia niurudishe, kisha niutoe tena, maana ukikaa nje sana hubadilika. Halafu akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, kushoto kwanza, kisha kulia. Anagusa juu juu, anabonyeza, anaachia, macho yapo ukutani. Mimi huku nawaza zamu yangu ya jioni hotelini kule Garhoud, mashuka yanayonisubiri, na yule msichana wa Tanga.

Mwishowe akaanza kuuliza, nami nikimtafsiria mume wangu. Nasikia baridi au joto? Natoka jasho usiku? Nalala? Damu ya mwezi inakuja na rangi gani, na maumivu je?

Mume wangu akaninong'oneza, "Huyu mbona anatuuliza sisi? Mganga gani hajui?"

Ndivyo tulivyolelewa kwetu. Mgonjwa hukaa kimya, mganga ndiye amwambie kilichomleta, na anayeuliza huyo hana kitu. Hata mimi nilikaribia kunyanyuka. Lakini hospitalini walinipima mpaka nikachoka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nalala. Nikabaki, nikajibu yote.

Alipomaliza na mimi akamwonyesha mume wangu kiti. Sasa yeye.

"Mimi siumwi," alisema, ameshasimama. "Halafu nina udhu. Akinigusa utavunjika."

"Utatawadha tena. Maji Dubai hayajaisha."

Nilikuwa na hasira, sikufichi. Mimi nimechomwa sindano, nimepanua miguu mbele ya watu nisiowajua, nimemezeshwa madawa ya kila rangi, na yeye kutoa kifundo cha mkono tu kunamshinda. Nikaenda kusimama mlangoni. Nikamwambia wallahi hutoki humu.

Nikamweleza mganga habari ya udhu. Hakucheka wala hakukasirika. Akachukua kitambaa chepesi, akamtandikia mkononi. Visingizio vikaisha, bwana akakaa. Vidole vitatu tena, na safari hii alikawia kuliko kwangu. AC ilikuwa inatutetemesha, lakini mume wangu jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

Maswali yakamgeukia yeye. Anachoka? Kazi yake ni ya kukaa? Ndiyo, siku nzima kwenye gari la mizigo. Nikawa natafsiri, maana yeye anajua Kiarabu cha kazini, Kiingereza hana. Kisha mganga akauliza kama amewahi kupata mtoto popote.

"Hapana."

Amewahi kuoa kabla?

"Mwambie nilioa, nikaacha. Alikuwa hazai."

Hilo nilikuwa nalijua. Ukoo mzima unalijua, na ndiyo sababu mimi nikaposwa. Mara ngapi mama mkwe amenitajia yule mwanamke, eti nisije nikawa kama yeye. Nikatafsiri. Mganga aliendelea kubonyeza, kisha akauliza yule mke yuko wapi siku hizi.

"Ameolewa Muheza," mume wangu alisema.

Ana watoto?

Nilimuuliza kwa Kiswahili. Akanyoosha ukingo wa kitambaa. Nikamuuliza tena.

"Wawili," alisema, akikitazama kile kitambaa.

Nikamtafsiria mganga. Kisha nikalirudia neno hilo kwa Kiswahili, taratibu, ili na mume wangu mwenyewe alisikie.