Salon ya Kukaliwa

Nyumba ya kwanza niliyosaidia kupamba ilikuwa Kitshanga, nyumba ya mbao yenye vyumba vinne. Nilikuwa msichana, najifunza kazi kwa patroni mmoja, bosi wangu, aliyejulikana kwa kutengeneza sebule, ambayo kwetu tunaiita salon. Anapaka rangi, anapiga dari, anachagua pazia, anapanga viti. Alikuwa na mkono mzuri na maneno mengi. Mwenye nyumba akifungua kinywa, patroni ameshajibu. Tulipomaliza, mama wa nyumba alisimama mlangoni, akatazama kuta za bluu na viti vizito, akasema, "Iko muzuri sana, Papa." Tukaondoka na furaha.

Kesho yake nilirudi kuchukua brashi niliyoisahau. Nikakuta familia nzima imebanana jikoni, na mlango wa salon umefungwa kwa kufuli.

"Mbona hamukai kule?" nilimnong'onezea mtoto mmoja.

"Kule? Kule ni kwa wageni," mama alisema, akanipa kiazi.

Hakulalamika. Kwetu ni vigumu mtu kumwambia fundi usoni kwamba kazi yake haikumpendeza. Ni kama kumrudishia mtu chakula alichokupikia. Atasema iko muzuri, halafu hatakuita tena. Na kweli, yule mama hakutuita tena, wala majirani zake. Patroni alisema watu wa pale hawajui vitu vizuri. Mimi nikaendelea kuosha brashi.

Baadaye patroni alikwenda Omate kupamba mikahawa ya wachimbaji, nami nikarudi kwetu Masisi. Haukupita muda mrefu, mama mmoja anayetengeneza jibini akaniita. Binti yake alikuwa anaposwa, wakwe wangekuja baada ya wiki tatu, na salon yake ilikuwa nyeusi kwa moshi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza peke yangu. Nilijua Masisi ni ndogo na kila mgeni wa siku ile angeona. Kama mama huyu angefunga salon yake na kurudi jikoni, hakuna ambaye angeniita tena, na mimi ningerudi shambani kupalilia maharage.

Shida ni kwamba siwezi kuwauliza watu wazima maswali. Basi nilichukua daftari la shule, nikamwomba aseme anachotaka, mimi niandike. Niliishia shule ya msingi, na mkono wangu unaandika polepole sana.

"Andika: fotei kubwa, kama za Goma," alisema. Fotei ni vile viti vya kuzama. Nikaandika, herufi moja, kisha nyingine. Yeye akangoja.

"Weye, unaandikia askofu barua?"

"Hapana, Mama. Bado niko ku 'kubwa'."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Na kwa kuwa nilikuwa bado naandika, aliendelea kusema, ili tu kimya kisitukalie.

"Lakini zile za Goma, muntu akiingia mule hatoki. Magoti yangu inakataa." Nikaandika. "Na baridi? Mvua ikinyesha hapa, bantu wote wanakimbilia ku moto." Nikaandika na hilo. "Na mimi, kama sione ng'ombe zangu, siko natulia."

Mpaka saa sita mchana tulikuwa na kurasa mbili. Alikuwa ameniambia mambo ambayo patroni asingeyasikia hata kwa mwaka mzima, na mimi sikuwa nimeuliza swali hata moja.

Nilipaka kuta rangi ya maziwa ili chumba kipate mwanga, na mlango nikaupaka kijani. Seremala alitengeneza viti vilivyoinuka kidogo, vyenye mikono ya kushika wakati wa kusimama, nami nikashona mito minene. Dirisha la upande wa malisho tukalipanua. Katikati niliacha nafasi ya mbabula, lile jiko la makaa, na chini ya bati tukatoboa matundu mapana ili hewa yake itoke.

Siku nne kabla ya wageni akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Yeye ndiye angepokea wakwe kwa jina la ukoo. Alisimama katikati, akazunguka.

"Fotei iko wapi?"

"Hakuna, Papa," nilisema nikitazama viatu vyangu.

"Salon bila fotei? Wakwe watasema tumewapokea ku kanisa! Na hii mbabula iko inafanya nini hapa? Toa. Leta fotei, panga zote ku ukuta."

Nilimtazama Mama.

"Fanya vile Papa anasema," alisema kwa upole. "Iko muzuri."

Ndiyo maneno niliyoyasikia Kitshanga. Kubishana na mkubwa wa ukoo sikuweza, hata sauti isingetoka. Lakini kusoma si kubishana. Nikafungua daftari nikasoma, polepole kama ninavyoandika: magoti, baridi, ng'ombe, neno kwa neno kama Mama alivyosema.

Shemeji akamgeukia. "Weye njo ulisema hivi?"

"Njo mimi." Kisha akapandisha sauti. "Weye utapokea wageni siku moja, urudi kwako. Mimi njo nitabakia humu."

Nilidhani nimegombanisha ndugu. Shemeji akakaa kwenye kiti kimoja, akainuka, akakaa tena.

"Na magoti yangu mimi?" akasema. "Hakuna muntu aliiandika. Andika, dada."

Nikafungua ukurasa mpya. Alitaka kiti chake kiwe na mgongo mrefu, na mbabula isogee kidogo upande wake. Hayo tu.

Wakwe walikuja pamoja na mvua. Tuliwasha mbabula, chai ya maziwa ikapita, mazungumzo yakaenda mpaka jioni, na hakuna aliyekimbilia jikoni. Ulipofika wakati wa kukagua ng'ombe wa mahari walioletwa, shemeji hakulowa hata kidogo. Alinyoosha kidole dirishani.

"Ile ya tatu inachechemea."

"Papa, hiyo iko inacheza! Imefurahi kufika," akajibu msemaji wao, na chumba kizima kikacheka. Mama alikaa katikati yao, ameegemea, mikono imetulia kwenye kiti. Nilimwona kutoka mlangoni, nikahisi kifua changu kimekuwa kipana.

Shangazi wa bwana harusi, mtu wa Walikale, akaniuliza kama naweza kwenda kupamba kwake. Kabla sijajibu, Mama akadakia, "Ataenda! Lakini mutakuwa na uvumilivu."

Asubuhi iliyofuata Mama aliniita. Alikuwa amekaa peke yake karibu na dirisha, kikombe mkononi.

"Dada, ule mulango. Ile kijani hainipendeze hata kidogo. Inafanana na ya hospitali."

Hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuniambia hivyo. Nilitaka kumkumbatia.

"Mama anataka rangi gani?"

"Ya udongo. Na uanzie chini, nikikaa nione."

Nikavua viatu, nikaanzia chini, naye akasogeza kiti chake ili aone vizuri.