Fremu Niliyoifunga kwa Silikoni

Mke wangu aliponiambia kwamba yeye na binti yetu wa miaka minne watakuwa wanalala ndani ya tela la mizigo, nilidhani ananitania. Anauza mashuka ya wafugaji kwenye minada ya Loliondo, Oloipiri hadi Enguserosambu, na alikuwa amechoka kuomba chumba huku na huko. Kumbe tela alishalinunua, la bati, limefungwa pande zote. Alitaka kitanda chini, rafu ya marobota juu yake, na kona ya jiko. Akaniuliza kama mimi si fundi wa aluminiamu, nikakosa pa kutokea.

Fundi ni kweli. Madirisha mengi ya nyumba za wageni hapa Karatu nimeyafunga mimi. Nilichora ramani nyuma ya kalenda, nikachagua aluminiamu nene yenye mifereji ya kupitishia nati, ili fremu nzima ifungwe kwa bolti bila kuchomelea. Ilipokamilika, majirani walikuja kuchungulia, nami nikawa naifungua ile milango ya tela kama mwenye duka jipya.

Sasa, fundi wa madirisha ana mazoea yake. Ukishapima tundu la ukuta, unapunguza milimita tano kila upande, maana ukuta haujanyooka kamwe. Fremu ikikaa, ile nafasi unaijaza silikoni, unapitisha kidole, basi. Mkono wangu umefanya hivyo miaka kumi na miwili, na ukafanya hivyo hivyo kwenye tela. Sikukumbuka hata mara moja kwamba nyumba haiendi Loliondo.

Safari ya kwanza nilikwenda nao. Mke wangu aliendesha pikapu, mimi nimempakata mtoto. Tulipita geti la Ngorongoro asubuhi kukiwa na ukungu, tukashuka upande wa pili hadi kwenye barabara ya rasta, ile inayotikisa mpaka meno. Mchana tukasimama kunywa chai. Mtoto alikuwa amesinzia, mama yake akambeba akamlaze kwenye kitanda chake kipya. Nikatangulia kufungua mlango.

Silikoni ilikuwa imechanika yote, inaning'inia kama utumbo. Rafu ilikuwa imeanguka upande mmoja, marobota manne yamelala juu ya godoro, na nguzo moja ya aluminiamu imetoboa mto wa mtoto hadi upande wa pili. Nilitaka kuufunga mlango mke wangu asione, lakini alikuwa ameshafika nyuma yangu, mtoto begani.

Nikaanza kulaumu barabara, nikalaumu nati za dukani, mdomo ukijiendea wenyewe. Aliningoja nimalize.

"Ulipokuwa unaifunga," akasema, "ulimwona nani amelala hapa?"

Sikuwa nimemwona mtu. Niliona vipimo tu, na aibu iliyonishika pale sijawahi kuipata kwa mteja yeyote.

Nilitoa drili nikafanya kazi bila hata kunywa chai. Nilichana chaga mbili za kitanda kuwa kabari, nikazigonga kwenye kila nafasi mpaka fremu ikabana, kisha nikatoboa hadi kwenye mbavu za chuma za tela, nikapitisha bolti ndefu. Nikarudisha marobota juu. Nikaning'inia kwenye rafu kwa mikono miwili, haikutikisika. Nikamwambia mke wangu kwamba sasa imeshika, haitoki tena.

Akanikabidhi mtoto, bado amelala.

"Haya, mlaze wewe."

Niliinama na mtoto mpaka karibu na godoro, mikono ikakataa kumwachia. Nikainua macho kuyatazama yale marobota. Nikamrudishia mama yake, nikavua viatu, nikapanda mimi mwenyewe, nikalala chali chini ya marobota hayo. Nikamwambia aendeshe.

Akafunga mlango kwa nje, nikasikia injini ikiwaka. Hakuendesha polepole.