Siku Nilipomkana Mzee wa Keya

Mimi nina mdomo, sikatai. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwanafunzi wa unesi Birmingham, na matroni alishaniambia kwamba ama nitafika mbali ama nitafukuzwa.

Mzee aliletwa wodini kwetu na kidonda cha mguu. Homa ilikuwa imempanda, akawa anamwomba maji kwa Kiswahili mgonjwa wa kitanda cha pili, Mwingereza asiyeelewa hata neno. Nikaweka trei chini. "Shikamoo, baba," nikamwambia, na macho yakamjaa machozi. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, alipigana Burma, baadaye akaja huku kufanya kazi kiwandani mpaka mguu ukamharibikia na kazi ikaisha. Sasa alilala kwenye hosteli ya jiji ya watu wasio na makao, ambako baraza la jiji lilitangaza kuwa limetenga vitanda kwa askari wa zamani.

Alipopata nafuu wakaleta fomu ya kutoka. Penye jamaa wa karibu, karani wa hospitali alitaka kuandika hakuna. Sasa kwetu nani anaandika kwamba mzee mzima hana mtu? Nikachukua kalamu nikajiandika mimi, binti yake. Nilijiona nimefanya la maana sana.

Wiki mbili baadaye nilimkuta mtaa wa Small Heath, kwa familia ya Wazanzibari waliomtandikia godoro sebuleni, watoto wakimruka asubuhi wakienda shule. Hosteli ilikuwa imemfuta. Fomu inasema ana mtoto mwenye kazi, walimwambia, basi akalale kwa mtoto wake.

Kwa mtoto wake, jamani. Mimi nilikuwa naishi bweni la manesi, ambako mwanamume haruhusiwi kupita mlango wa mbele hata akileta barua. Nikawaka. Nikaenda ofisi ya hosteli na sare yangu, nikauliza vitanda vya askari viko vingapi na nani analala humo. Karani wao akajibu kwamba hayo hayamhusu nesi. Nikaandika barua, nikarudi kila siku yangu ya mapumziko, mpaka ikawa wakiniona wanajifanya wanatafuta faili. Mwishowe tukaitwa, mimi na Mzee, mbele ya kamati ya baraza. Mlangoni yule karani akaninong'oneza kwamba mambo ni rahisi tu: niseme si baba yangu, na kitanda atapewa.

Mwenyekiti akaanza na hilohilo. Wewe ni binti yake? Nikamtazama Mzee, koti amelipiga pasi, mguu umefungwa bandeji. Baridi ilikuwa imeanza, na mama mwenye nyumba kule Small Heath alikuwa karibu kujifungua. Godoro lile lisingekuwa na nafasi tena.

"Hapana," nikasema. "Si baba yangu."

Mwenyekiti akamgeukia Mzee. Huyu ni binti yako?

"Ndiyo," akasema Mzee.

Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti akauliza, sasa kati yenu nani anadanganya?

"Hakuna, bwana. Yeye anasema hapana ili mimi nipate kitanda. Mimi nasema ndiyo, na kitanda nakitaka. Mliponipeleka vitani hamkuniuliza kama nina watoto."

Alisema kwa Kiingereza chake cha jeshini, taratibu, wala hakupandisha sauti. Mjumbe mmoja akainamisha kichwa.

Kitanda alipewa siku ileile, na kamati ikaagiza orodha ya vitanda vya askari ibandikwe ukutani kila mtu aione. Karani akanipa mkono kana kwamba tumeshinda pamoja. Mimi kwenye basi nililia njia nzima, Mzee amekaa pembeni yangu.

"Nisamehe, baba," nikamwambia. "Nimekukana mbele za watu."

Akanipa leso yake. "Lia polepole, binti yangu," akasema, "abiria wasije wakadhani ni mimi niliyekupiga."