Ufunguo wa Ngazi ya Dohani

Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, Wilfred Haigh alitoka uani na kopo la mahindi, akalitikisa, na njiwa wake wa mashindano wakamshukia mabegani. Siku hizo karibu kila ua mjini kwetu ulikuwa na banda la njiwa. Ijumaa jioni wanaume walikutana chumba cha nyuma cha baa, wakapanga mezani saa zao za kupimia njiwa wanaporudi mashindanoni, ili zitegwe kwa pamoja, kesho asitokee wa kudanganya.

Wilfred alikuwa mtu wa boila, matanuri ya mvuke, kwenye kituo cha umeme. Leo watoto wetu wanapitiwa vichwani na kozi, wale ndege wawindaji, hata hawainui macho. Lakini mwaka ule, alipofungua ngazi ya dohani kwa ufunguo wake na kupanda kukagua taa za juu na kumkuta kozi jike amelalia mayai kwenye vumbi la ukingoni, alizisahau taa zenyewe. Kozi wa mwisho alimwona utotoni, akiwa mabegani mwa baba yake, kabla dawa za mashambani hazijayafanya maganda ya mayai yao kuwa membamba kama karatasi, yakapasuka, ndege wakatoweka.

Furaha ikamponza. Jioni ile ile akawasimulia wenzake wa njiwa. Kozi chakula chake ni njiwa, na kati ya watu wote wa kuambiwa, akawachagua wao!

Njiwa wakaanza kupungua. Ijumaa moja Arnold Sugden, mwenyekiti wa chama na rafiki yake tangu shule, akanyoosha mkono.

"Lete ufunguo wa ngazi, Wilf. Tunayavunja mayai, tunashuka."

"Yameshaanguliwa."

"Basi tutayanyonga makinda. Kwani wewe ndiye baba yao?"

"Kwa pua ile iliyopinda kama mdomo wa kozi, ndiye!" mmoja akadakia. Chumba kizima kikacheka.

Arnold hakucheka. "Wamemla njiwa jike wako wa kijivu, bwana. Pete ya mguuni mwake nimeiona chini ya dohani."

"Hata mimi nimeiona." Wilfred alikuwa amemlea njiwa yule kwa mkono wake mwenyewe. "Nimemlilia. Lakini ufunguo sitoi."

"Basi saa yako haitegwi hapa, na njiwa wako hawashindani nasi."

Wilfred akaitazama saa ile. Ilikuwa ya baba yake, kisanduku cha mbao kilichong'aa kwa kushikwashikwa. Ujana wake wote ulipita kwenye meza hiyo. Akaikumbatia saa, akavaa kofia.

"Acha utoto, Wilf," Arnold akasema, sasa kwa upole. "Kaa umalize bia."

Bia ilikuwa haijaguswa. Wilfred akafungua mlango, akatoka kwenye manyunyu, na chumba kile hakikumwona tena.